Nyuma ya Mdakaji: Maswali Yenu Kuhusu Kuamua Besiboli ya Vijana

Katika toleo lililopita nilidokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba Jumamosi asubuhi huwa nasimama nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa kuipokea mipira ya mrushaji, katika uwanja wa shule moja hapa Dodoma nikiamua mechi za besiboli za vijana, na kwamba baada ya miaka mingi ya kupuliza filimbi ya mpira wa miguu sijapata kazi ya uwanjani inayonifurahisha kama hiyo. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyoikesha. Nimechagua nne, na nimezifupisha kidogo bila kugusa maana.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu bado ni mgeni kwake, yatosha kujua haya. Besiboli imeingia katika shule zetu za sekondari katika miaka kumi na kitu iliyopita, ikianzia Dar es Salaam kwa msaada mkubwa wa marafiki kutoka Japani. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu za kupiga na za kulinda. Mrushaji humtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo (nasema gongo la kupigia, si lile linalofichwa kwenye madumu), na mpira ukipigwa vizuri mpigaji hukimbilia kituo cha kwanza. Akifanikiwa kuvizunguka vituo vyote na kurudi kwenye kibao cha nyumbani, kile kilicholala chini pale anapopigia, timu yake hupata alama moja. Mpira uliopita katika eneo halali bila kupigwa ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Uliopita nje ya eneo hilo ni boli, na boli nne humpa kituo cha kwanza bure. Timu ikishatolewa watu watatu, zamu hubadilika. Anayetamka straiki au boli, auti (ametoka) au seifu (amesalimika), ni mwamuzi, ambaye watoto wetu humwita ampaya.

Barua ya kwanza: mwalimu, Ihumwa

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari iliyoko upande wa Ihumwa. Mwaka huu nimekabidhiwa besiboli kwa sababu moja tu, kwamba nilicheza netiboli chuoni. Kwa kuwa hatuna waamuzi, naamua mwenyewe mechi za madarasa. Mwezi uliopita nilimwita auti kijana mmoja katika kituo cha kwanza, na timu yake ikafungwa kwa alama moja. Usiku nilipolirudia jambo hilo kichwani nilipata hakika kwamba alikuwa amefika salama. Kilichoniumiza ni kwamba hakubisha wala hakulia. Alinitazama tu, akaenda kukaa. Walimu wenzangu wananiambia kazi ya uamuzi ni ya kujitafutia lawama, tena kwa mwanamke ndiyo zaidi. Naomba uniambie kwa dhati: hiyo furaha unayoisema iko wapi?*

Marahaba, Mwalimu mwenzangu, na pole kwa usiku ule. Nitaanza na huyo kijana, kwa sababu naona yeye ndiye aliyekushikisha kalamu.

Sikuwapo uwanjani, lakini naweza kukisia macho yako yalikuwa wapi: yalikuwa kwenye mpira. Sisi tuliokulia netiboli na mpira wa miguu tumezoeshwa tangu utotoni kuufuata mpira kwa macho popote uendako, na tabia hiyo hiyo ndiyo inayotuponza katika kituo cha kwanza, kwa maana hakuna binadamu awezaye kutazama kwa wakati mmoja mpira unaokuja kwa mwendo wa kasi kutoka upande mmoja na mguu unaotua kutoka upande mwingine. Waamuzi wazoefu hugawa kazi. Macho hupewa kituo, yaone mguu wa mkimbiaji unapokigusa na yaone kama mguu wa mlinzi bado umekikanyaga. Mpira huachiwa masikio. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, mgumu kama embe bichi, na ukiingia katika glovu ya ngozi hutoa mlio mmoja mkavu. Ukiusikia mlio kabla ya kuuona mguu umetua, mkimbiaji ametoka. Ukiuona mguu kwanza, amesalimika. Na vikifika pamoja hata usiweze kuvitenganisha, kumbuka kwamba sheria inataka mpira utangulie. Haisemi ufike sambamba.

Nilipoelezwa jambo hili kwa mara ya kwanza nililiona kama mzaha, mpaka siku mwalimu aliyenifundisha aliponifunga macho kwa kitambaa na kunisimamisha mita tano kutoka kituo cha kwanza, akawaambia vijana waendelee na mazoezi. Nilisikia viatu vikija juu ya changarawe, nikasikia glovu, nikasema auti, na vijana wakacheka kwa sababu nilikuwa sahihi. Hapa kwetu kuna taabu moja ya ziada, nayo ni upepo, ambao miezi ya kiangazi huweza kuuchukua mlio wa glovu na kuupeleka kwa jirani. Siku hizo husogea hatua mbili karibu zaidi na ninavyozoea, nikikubali kuona sehemu ndogo ya uwanja ili nisikie vizuri.

Jambo la pili ni ulimi. Makosa mengi ya mwamuzi mgeni hayatokani na macho mabovu bali na ulimi uliotangulia macho: tendo halijaisha, mkono umeshapanda. Acha tendo liishe, litazame tena kichwani kwa muda wa pumzi moja, kisha tamka kwa sauti ambayo haiombi ruhusa. Pumzi hiyo moja wachezaji hawaihesabu kuwa ni uzembe. Mara nyingi ndani yake ndimo utakapouona mpira ukidondoka kutoka kwenye glovu ya mlinzi uliyekwisha kumwamini.

Sasa kuhusu kosa lenyewe. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit nchini Marekani, mrushaji wa Detroit Tigers aitwaye Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Alibakiza mmoja tu kukamilisha kile ambacho Wamarekani hukiita mchezo mkamilifu, jambo ambalo katika ligi zao kubwa, kwa zaidi ya karne moja, halijatokea hata mara 30. Mpigaji wa 27, Jason Donald wa Cleveland, alipiga mpira wa chini, mlinzi akaudaka na kuurusha, Galarraga mwenyewe akakimbilia kituo cha kwanza na kuupokea. Mwamuzi Jim Joyce, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi katika ligi hizo, akatamka seifu. Picha za marudio zilionyesha waziwazi kwamba mkimbiaji alikuwa ametoka. Joyce alipoziona baada ya mchezo hakutafuta pa kujificha. Alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba amekosea, akamwomba Galarraga radhi ana kwa ana. Kesho yake ilikuwa zamu ya Joyce kusimama nyuma ya kibao, na aliyetumwa kumkabidhi karatasi yenye majina ya wachezaji alikuwa Galarraga. Joyce alifuta machozi hadharani, na kijana yule akampa mkono.

Wewe, Mwalimu, una bahati ambayo Joyce hakuwa nayo, kwa sababu kijana wako unamwona kila siku gwaride la asubuhi. Mwite. Mimi nilifanya kosa linalofanana na lako mwaka juzi, nikamfuata mtoto mwenyewe chini ya mwarobaini walipokuwa wakinywa maji, nikamwambia nilikosea na kwamba alifika kabla ya mpira. Akanijibu akiwa bado anatafuna kipande cha muwa, "Najua, Mwalimu. Hata mimi niliangusha mpira mara mbili." Nimewahi kusifiwa na viongozi wa michezo wa ngazi mbalimbali, lakini hakuna sifa iliyonigusa kama hiyo ya kuwekwa kundi moja na mtu aliyeangusha mpira mara mbili.

Umeuliza furaha iko wapi. Kwa muda mrefu sikuweza kulieleza jambo hili hata kwa mke wangu, ambaye huniona narudi na vumbi hadi kwenye nyusi nikiwa na furaha kama mtu aliyetoka harusini. Hebu tazama watu wazima walioko uwanjani. Kocha anataka ushindi, na wakati mwingine anautaka zaidi ya watoto wenyewe. Mzazi anataka mwanawe aonekane. Mkuu wa shule anataka kikombe cha kuweka kwenye kabati la ofisini. Wote hao wanampenda mtoto, sibishi, ila kila mmoja ana kitu anachomdai. Mwamuzi peke yake ndiye mtu mzima asiyemdai mtoto yule chochote. Anachotaka ni kujua mpira umepita wapi. Watoto hulihisi jambo hilo haraka kuliko tunavyodhani, na hukuruhusu uone mambo ambayo hawamwonyeshi mwingine.

Nitakupa mfano mmoja. Muhula uliopita tulikuwa na mdakaji wa Kidato cha Kwanza, mwembamba, kinga ya kifua ikimpwaya kama gunia. Mdakaji huchuchumaa mbele ya mwamuzi, kiasi kwamba ukiinama kuutazama mpira unaona kisogo chake kwa karibu. Kila mpira ulipokuja, na ukumbuke unatoka umbali wa mita 18.44 tu, kijana huyu aligeuza shingo kushoto kidogo sana, kidole kimoja hivi, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake nilijua kwamba ndani ya ile kinga ya uso alikuwa anafumba macho. Kocha wake hakujua. Alichokiona ni mipira inayoanguka, akawa anamkaripia kwa uvivu wa mikono. Mimi sikusema kitu, maana haikuwa kazi yangu, ila nilianza kuihesabu ile shingo. Jumamosi ya kwanza iligeuka karibu kila mpira. Jumamosi ya tatu iligeuka kwa mipira ya kasi tu. Jumamosi ya tano, zamu ya nne, mpigaji alizungusha gongo, akakosa, na mpira ukaja moja kwa moja, shingo haikugeuka. Mpira ukatua katikati ya glovu, nikatamka straiki kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Yule mtoto akageuka kunitazama, akatabasamu, akaurudisha mpira kwa mrushaji. Katika uwanja mzima tulikuwa wawili tu tuliojua kilichotokea.

Na hilo la mwanamke. Walimu wenzako wanarudia maneno ambayo hata huko mchezo ulikozaliwa yalichukua muda mrefu kufa. Bernice Gera alilazimika kupigania mahakamani kwa miaka kabla ya kuruhusiwa, mwezi Juni 1972, kuwa mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya besiboli ya kulipwa nchini Marekani, na aliacha baada ya mechi hiyo hiyo moja. Ligi kubwa zenyewe zilimpata mwamuzi mwanamke wa kwanza katika mechi za msimu tarehe 9 Agosti 2025, naye ni Jen Pawol, aliyeanzia kituo cha kwanza mjini Atlanta na kesho yake akasimama nyuma ya kibao. Vijana wako wa Ihumwa hawajui kwamba jambo hilo lilikuwa gumu. Wao wamekukuta hapo, na kwao ampaya ni wewe. Wasimulie siku moja mvua ikiwafungia darasani.

Barua ya pili: mzazi, Nkuhungu

*Ndugu Mwandishi, mwanangu ni mrushaji. Jumamosi moja nilihudhuria mechi yake, na nikaona kwa macho yangu mwamuzi akimpa mpigaji mmoja mfupi wa timu pinzani boli nne kwa mipira ambayo, ilipotupwa kwa mpigaji mrefu aliyemtangulia, aliiita straiki. Kibaya zaidi, kati ya zamu mwamuzi huyo alimwita yule mfupi na kumwonyesha namna ya kusimama. Je, hiyo ni haki? Nilipolalamika niliambiwa nikae chini. Nisingependa kuamini kwamba kuna mlungula hata katika michezo ya watoto.*

Ndugu Mzazi, ulichokiona kwa macho yako ni kweli, ila nadhani ulikionea mahali pasipofaa. Upana wa eneo la straiki haubadiliki, kwa sababu ni upana wa kile kibao kilicholala chini, sentimita 43. Kimo chake hakiko kwenye kibao. Kiko kwenye mwili wa mpigaji, kuanzia chini kidogo ya kifuniko cha goti hadi katikati ya mabega na kiuno cha suruali. Mpira ule ule unaopita kifuani mwa kijana mfupi hupita kitovuni mwa kijana mrefu. Kwa wa kwanza ni boli, kwa wa pili ni straiki, na mwamuzi anayewaita wote sawasawa ndiye anayepaswa kulalamikiwa. Mimi binafsi hufurahia sana kuwaona hawa wafupi wa Kidato cha Kwanza wakigundua kwamba kimo chao, ambacho huwaletea utani bwenini, kwenye kibao ni mali. Wanasimama pale wametulia kama wazee wa baraza, wanaacha mipira minne ipite, kisha wanatembea kwenda kituo cha kwanza bila hata kukimbia.

Ongeza hapo kwamba wazazi wengi hukaa pembeni, chini ya mti, ambako kimo cha mpira huonekana vizuri lakini upana wake hauonekani kabisa. Upana huonekana na watu watatu tu: mrushaji, mdakaji na mwamuzi aliyesimama nyuma ya bega la mdakaji lililo upande wa mpigaji. Wawili wa kwanza wana masilahi yao.

Hata hivyo, nakiri kwamba nami nina dhambi yangu katika jambo hili, na baadhi ya waamuzi wenzangu hunisema. Katika mechi za wanaoanza huwa napanua eneo kidogo, kwa pande zote mbili na kwa kila mpigaji, mpaka mpira uliopita upana wa ngumi nje ya kibao nauita straiki. Nafanya hivyo kwa sababu nimewahi kulifuata eneo kama lilivyoandikwa katika mechi ya watoto waliokuwa na wiki tatu tu za mazoezi, nikaishia kuwatazama wapigaji kumi na mmoja wakitembea mmoja baada ya mwingine kwa boli nne nne, walinzi wakakaa chini kuchezea mchanga, na jua la saa sita likawa halina huruma. Hakuna aliyejifunza chochote siku ile, hata mimi. Vijana wakishajua kurusha, eneo hurudi kwenye kitabu.

Kuhusu kumwonyesha mpigaji namna ya kusimama, hapo nakubaliana nawe kwa nusu. Kati ya zamu, mpira ukiwa umekufa, sioni ubaya mwamuzi wa watoto kumwambia mtoto asogeze mguu uliotoka nje ya mstari wa kisanduku chake, kile kilichochorwa chini asimamie, mradi angemwambia hivyo hivyo wa upande wa pili, na mradi ni jambo la usalama au la sheria. Lakini kumfundisha mmoja apige vipi ni kazi ya kocha. Ikiwa mwamuzi huyo alivuka mpaka huo, kocha wa mwanao alikuwa na haki ya kumwendea na kumuuliza kwa heshima.

Nasema kocha, si wewe. Katika mechi kama zetu, sheria za besiboli hutenganisha mambo mawili: kile ambacho mwamuzi amekiona, yaani straiki au boli, auti au seifu, hakikatiwi rufaa, lakini akiitumia sheria yenyewe vibaya, mathalani akimpa mpigaji kituo kwa boli tatu, kocha anaweza kudai isahihishwe kabla mchezo haujaendelea. Mlungula wa Jumamosi zetu ni soda moja ya baridi, na mara nyingine hata hiyo husahaulika. Hata kule Williamsport, Pennsylvania, ambako mashindano ya watoto ya Little League yalianza mwaka 1939 na ambako leo fainali zake za dunia hutazamwa na mamilioni kwenye televisheni, wanaoamua fainali hizo ni watu wa kujitolea.

Ukija tena, usiondoke mara tu mchezo unapoisha. Kaa uone timu zote mbili zikipanga mistari miwili mbele ya kibao, zikavua kofia na kuinamiana. Desturi hiyo imetoka Japani, ambako mashindano ya kitaifa ya besiboli ya shule za sekondari yamekuwapo tangu mwaka 1915, na watoto wetu wameichukua kana kwamba ni ya kwao. Mwanao ataniinamia mimi pia, au mwenzangu atakayekuwa zamu, hata siku ambayo hakupata straiki aliyoitaka.

Barua ya tatu: mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mpwapwa

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvulana, nina miaka kumi na saba. Mguu wangu wa kushoto uliumia nikiwa mdogo, hivyo siwezi kukimbia vizuri. Napenda sana besiboli na sheria zake nimezisoma zote. Nataka kuwa ampaya lakini wenzangu wananicheka, wanasema ampaya ni mtu mzima. Je, naweza? Nianze vipi bila vifaa?*

Marahaba, mwanangu. Unaweza, tena wamekuchelewesha. Mwamuzi wa kibao hahitaji mbio kama refa wa mpira wa miguu. Anahitaji kusimama mahali panapofaa, na pembe nzuri ina thamani kuliko ukaribu. Nenda katazame dada zako wakicheza rede. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa, na kila dakika chache mchezo unasimama kwa ugomvi ule ule: nimekugusa, hujanigusa. Wanaogombana wako mbele na nyuma ya mpira, na hakuna aliyesimama pembeni. Omba usimame pembeni, uwaamulie kwa wiki mbili. Wakikukubali hao, wavulana wa besiboli hawatakusumbua.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Kile kihesabio kidogo cha mkononi ambacho waamuzi hutumia kukumbuka idadi ya boli na straiki, mimi nilikaa misimu miwili bila kuwa nacho. Nilikuwa na punje za mahindi, saba, katika mfuko wa kulia. Boli moja, punje moja inahamia mfuko wa kushoto mbele. Straiki moja, punje inahamia mfuko wa nyuma. Mpigaji akimaliza, zote zinarudi kulia. Kitu kimoja tu usikifanyie ubahili wala ujasiri: usisimame nyuma ya mdakaji bila kinga ya uso na kinga ya kifua, hata kama ni mazoezi, hata kama mrushaji ni rafiki yako. Mpira uliokwaruzwa na gongo hubadili njia kabla jicho halijapata habari. Kama shule ina kinga moja tu, apewe mdakaji, nawe usimame nyuma ya mrushaji. Sheria inamruhusu mwamuzi aliye peke yake kusimama huko, na straiki huonekana vizuri tu kutoka hapo.

Sauti ifanyie mazoezi shambani. Anza na "straiki", maana mwanzoni utaisema kama mtu anayeuliza.

Barua ya nne: msomaji, Area D

*Naomba kuuliza jambo dogo. Kwa nini mwamuzi akipangusa kile kibao mara huuelekea uwanja na kuwapa watazamaji makalio, mara huupa uwanja mgongo? Nimeona wakifanya namna mbili.*

Desturi ya waamuzi ni kuzunguka mbele ya kibao, kuupa uwanja mgongo na kuwaelekea watazamaji walio nyuma ya kibao, kwa adabu ile ile ya kutowainamia watu kwa nyuma. Uliyemwona akifanya kinyume huenda alikuwa anakwepa upepo, na hapa Dodoma nitamsamehe. Brashi yangu ni ya viatu, niliinunua soko la Majengo, na mwezi wa tisa naitumia kabla ya kila mpigaji, maana kibao kisipopanguswa huzama chini ya vumbi jekundu na mrushaji huanza kulenga kwa kumbukumbu. Mpigaji husubiri nje ya kisanduku, mdakaji husimama kunyoosha magoti, na katika hizo sekunde kumi ndipo watoto huniuliza maswali yao yote: saa ngapi, zimebaki zamu ngapi, na kama ni kweli kwamba boli ya mwisho haikuwa straiki.